Fundi Anayesikiliza Pampu kwa Meno

Saa moja na nusu asubuhi mjini Chimala, vinu vya kukoboa mpunga vimekwisha kuanza kelele zao na vumbi la pumba linatua juu ya kila kitu. Nyuma ya kinu kimojawapo, chini ya kibanda cha bati, mzee mwenye ovaroli la bluu lililopauka ameinamia pampu ya dizeli iliyotolewa kwenye lori. Ameng'ata kipande cha mwanzi mkavu, kirefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Upande wa pili wa mwanzi ameugusisha kwenye ubavu wa pampu. Macho ameyafumba.

Mkanda mrefu kutoka kwenye mota ya kinu unaizungusha pampu hiyo. Mbele yake zimepangwa chupa sita za kioo, zile za dawa ya kuchanja ng'ombe ambazo wafugaji wa Usangu huzitupa zikiisha. Kila tundu la pampu linatema dizeli ndani ya chupa yake. Mzee anauhamisha mwanzi polepole kutoka tundu moja hadi jingine. Kwenye la tano anafumbua macho, anagusa kitu kidogo kwa bisibisi, kisha anang'ata tena.

Pampu inaposimamishwa, dizeli katika chupa zote sita imeishia usawa mmoja. Mwandishi wa makala haya anainama hadi jicho linakuwa sawa na chupa, akitafuta tofauti walau ya unene wa uzi. Haioni.

"Umeridhika?" anauliza mzee, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. "Au unataka na kuonja?"

Huyu ni Alinanuswe Mwasomola, mwenye umri wa miaka 61, fundi pampu tangu ujana wake. Malori yanayopanda milima ya Mbeya na Iringa yamepita mikononi mwake kwa miaka zaidi ya thelathini. Na hasikii.

Ngoma za masikio yake yote mawili zimetoboka, baada ya miaka mingi ya kuugua na kujitibu kwa matone ya dukani. Ukitaka akuelewe, unamsogelea kabisa na kupaza sauti, au unasimama mbele yake asome midomo. Kwa muda mrefu aliificha hali hiyo. Wateja walidhani ni mzee mwenye maringo asiyependa kujibu maswali.

"Na maringo ninayo," anasema. "Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuwadanganya."

Siri ilivuja mwezi Septemba. Lori lilimpigia honi akiwa amesimama katikati ya njia ya kuingilia sokoni. Likapiga tena na tena, hakusogea. Dereva aliyeshuka kumkaripia, Didas, alikuwa mteja wake wa siku zote. Kufika jioni, Chimala nzima na nusu ya Rujewa walijua kwamba fundi wa pampu ni kiziwi.

Tangu siku hiyo hakuletewa pampu hata moja. Madereva wakaanza kuzipeleka Mbeya mjini, wengine hadi Iringa.

"Sikuwalaumu," anasema Alinanuswe. "Fundi pampu asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja. Chakula chake atakula nani? Hata mimi ningekimbia."

Pampu iliyoko mezani leo ndiyo ya kwanza tangu honi ile. Ni ya Fuso ya Roza, mjane anayesafirisha mbolea kupeleka Matamba na kurudi na viazi. Mchana huu itarudishwa kwenye gari na kupanda mlima ikiwa na tani saba. Madereva wote wa Chimala wanajua, na wanasubiri kuona. Ikifika juu, mzee ana kazi. Ikishindwa, mwenyewe amekwisha kuamua: atauza spana na kurudi kijijini Rungwe kulima ndizi.

Mlima wenyewe si wa kuchezea. Barabara inayotoka Chimala kwenda Matamba inapanda ukuta wa safu za Kipengere kwa kona ambazo watu wamezipa jina la idadi yake, Hamsini na Saba. Ukisimama chini ukatazama juu, magari yaliyotangulia yanaonekana kama siafu kwenye ukuta wa nyumba. Lori likikosa nguvu kwenye kona, linaanza kurudi nyuma, na nyuma ni hewa tupu.

Roza, mwenye miaka 44, anakifahamu vizuri kicheko cha watu. Familia yake ilihamia bonde la Usangu kutoka Shinyanga pamoja na ng'ombe wake, na kwao kumiliki lori hili moja kulikuwa jambo kubwa.

"Wananiuliza, Roza wewe una akili kweli? Gari lenyewe unalo moja, unampa kiziwi?" anasimulia. "Nawaambia, hii pampu aliigeuza yeye. Mume wangu alipoiharibu, aliyeitengeneza ni yeye. Sasa leo nimpelekee nani, mtu ambaye hata hajui ndani mna nini?"

Hata hivyo anakiri kwamba usiku hakupata usingizi. Mawingu yameanza kukaa juu ya milima. Mvua ikishuka kabla mbolea haijafika, wakulima wa Matamba watakuwa wamekodi gari jingine, na msimu wake utakuwa umekwisha kabla haujaanza.

Pampu hiyo ina historia yake. Miaka tisa iliyopita Kulwa, mume wa Roza, alipolinunua lori hilo, lilikuwa limezoea barabara za tambarare. Likipakiwa mbolea lilipanda Hamsini na Saba kama mtu anayepelekwa polisi. Kulwa akamwendea Alinanuswe na kumwomba aiongezee pampu nguvu.

Mzee alitoa plunja zote sita, yaani vile vyuma vyembamba kama kidole cha mtoto vinavyoisukuma dizeli kwenda kwenye injini, akaweka nyingine pana zaidi kutoka kwenye pampu ya injini kubwa. Akabadilisha springi za gavana, kifaa kinachoizuia injini isizunguke kupita kiasi. Mwisho akaiweka skrubu ya kikomo, ile inayoamua pampu itoe dizeli kiasi gani mguu ukikanyaga hadi mwisho, na kuifunga kwa waya wa shaba aliousokota kwa namna yake mwenyewe.

"Kulwa aliomba nguvu zote. Nikampa nusu," anasema. "Akanuna. Nikamwambia, hiyo nusu nyingine nimeiachia injini izeeke nayo."

Kulwa alivumilia hadi msimu wa mpunga. Siku moja akaukata waya wa shaba na kuifungua skrubu mwenyewe. Kati ya Chimala na Rujewa, kwenye tambarare, lori likawa linaruka. Moshi mweusi ulitoka nyuma kama wa tanuri la matofali, na Kulwa akatamba mji mzima, maana hapa madereva wengi wanaamini kwamba gari lisilotoa moshi mweusi halina nguvu.

Wiki iliyofuata akapandisha mbolea. Baada ya nusu ya kona, moshi ulizidi na nguvu zikapungua. Akazidi kukanyaga. Karibu na Matamba pistoni moja ikayeyuka.

"Huku chini hewa ni nzito, dizeli inapata mwenzake wa kuungua naye," Alinanuswe anaeleza. "Kule juu hewa inakonda. Lakini pampu yenyewe haijui kama imepanda mlima, inamwaga vilevile. Ile isiyoungua vizuri inakuwa moshi, na joto linakaa palepale kwenye pistoni. Kulwa alilipimia gari bondeni, akaenda kulitumia mbinguni."

Tangu siku hiyo mzee akajiwekea utaratibu ambao hakuna fundi mwingine wa njia hii anayeufuata. Skrubu ya kikomo haifungi kibandani. Anaifunga mlimani, gari likiwa na mzigo wake, na yeye mwenyewe akiwa ndani. Safari ya kwanza baada ya kuigusa pampu yoyote, anapanda na gari hadi juu. Na kila mwaka kabla ya mvua, pampu sharti irudi kwake aifungue na kuitazama.

"Watu wanauliza gerentii. Gerentii yangu ndiyo hii," anasema akijigonga kifuani. "Ikirudi nyuma, tunarudi wote."

Asubuhi hii, kabla ya kuifunga, alizionyesha plunja zile sita. Ni zilezile za miaka tisa. Zinang'aa, na mikwaruzo yake ni ya kutafuta kwa ncha ya kucha. Injini haijafunguliwa tena tangu pistoni ile. Kulwa ameshafariki kwa maradhi, mwili wa lori umechomelewa viraka, viti vimebadilishwa, lakini vyuma hivyo sita vinaendelea na kazi kana kwamba vilitiwa jana. Mtu ukivishika mkononi unashikwa na heshima fulani, kama unayeshika kitu cha kanisani.

Ujuzi huo Alinanuswe aliupata Ipogolo, Iringa, kwa fundi Mhehe aliyeitwa Bartholomeo, Mkatoliki mkali aliyekuwa akisali kabla ya kufungua pampu. Huyo alisikiliza injini kwa kipande kikavu cha mwanzi wa ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi, akikibana sikioni. Alipostaafu alimpa Alinanuswe mwanzi wake. Ndio huohuo anaoutumia leo, umekuwa mweusi kwa mafuta na una alama za meno.

Jinsi ulivyohama kutoka sikioni kwenda mdomoni, yeye mwenyewe anaisimulia akiwa ametulia, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. Miaka minne iliyopita alikuwa amekwisha kukata tamaa. Akibana mwanzi sikioni anasikia kimya tu. Kanisani, kwenye kwaya ya Moravian ambako aliimba besi, alikuwa akifungua na kufumba mdomo kwa kuwatazama wenzake. Siku moja alikuwa na spana mikono yote miwili, akaung'ata mwanzi ili usianguke. Ncha yake ikagusa pampu iliyokuwa ikizunguka.

"Nikasikia zote sita," anasema. "Moja moja. Safi kuliko nilipokuwa na masikio. Sauti inapita kwenye meno na mfupa wa kichwa, haina haja na ngoma ya sikio. Nilikaa chini nikalia. Mke wangu akaja mbio akidhani nimejikata kidole."

Mkewe, Tusajigwe, anathibitisha huku akicheka. Anasema tangu siku hiyo nyumba nzima inaishi kwa ajili ya meno. Nyama inachemshwa hadi inaachana na mfupa. Miwa imepigwa marufuku. Jino moja la mbele la mzee limeanza kucheza, na kila asubuhi analigusa kwa kidole kabla hata ya kusali.

Saa sita mchana pampu imekwisha kurudi kwenye gari. Usukani ameushika Gideon, mdogo wake Kulwa, mtu mpole wa miaka 35. Alinanuswe anakaa katikati, mwanzi mkononi, na mwandishi upande wa pili. Roza amesimama pembeni ya barabara akiwa amejifunga khanga kiunoni. Anasogea dirishani, anamtazama mzee usoni na kusema taratibu, "Baba, nakuamini."

"Nimekusoma," anajibu mzee. "Nenda ukapike."

Kona za mwanzo zinapita vizuri. Mzee ameinama, ameng'ata mwanzi na kuusimika sakafuni, juu ya injini, na anapumua kwa pua. Gideon anatazama njia tu. Bonde la Usangu linazidi kutanuka huko chini, mashamba ya mpunga yakiwa yamekatwa vipande vipande.

Kisha, kabla ya kufika katikati ya mlima, lori linatetemeka. Mara moja, halafu tena. Gideon anakanyaga, na badala ya kuvuta, gari linalegea. Anaingiza gia ya kwanza, linajikokota hadi kwenye kona pana yenye nafasi ya kuegesha, anavuta breki na kuruka chini kuweka mawe nyuma ya matairi. Uso wake umepauka.

"Ni pampu," anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini, ingawa hakuna haja ya kunong'ona. "Nilimwambia shemeji. Nilimwambia."

Alinanuswe hajasikia, lakini ameuona mdomo. Anaashiria kichwa cha gari kiinuliwe, injini ikiwa inanguruma. Anapanda juu ya bampa, anang'ata mwanzi, na kuanza kugusa paipu moja baada ya nyingine, zile nyembamba za chuma zinazopeleka dizeli kutoka kwenye pampu. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Upepo wa mlimani unalipeperusha ovaroli lake. Kwenye ya nne anasimama. Anaondoa mwanzi, anaurudisha, anauondoa tena.

"Hii inapiga kwa uvivu," anasema.

Anapitisha kidole chini ya nati ya paipu hiyo na kukitoa kikiwa kimelowa dizeli. Nati haikukazwa sawasawa. Chini, bila kazi nzito, ilijizuia. Mzigo ulipoisukuma, ikaanza kuvuja.

Hapo angeweza kusema lolote. Mtikisiko wa barabara, nati za siku hizi, dizeli chafu. Gideon asingejua, na mwandishi asingejua. Mzee anamgeukia Gideon na kujigonga kifuani kama alivyofanya kibandani.

"Hii ni yangu," anasema. "Zamani nati ikivuja nilikuwa nasikia inafanya tss. Leo asubuhi niliitazama kwa macho tu, sikuing'ata. Mkosaji ni mimi, pampu haina kosa."

Anaikaza, anaifuta, anaing'ata tena. Safari hii anatikisa kichwa kukubali. Kisha anageukia skrubu ya kikomo. Wanapanda kipande cha mlima, wanasimama, anairudisha nyuma kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Wanapanda tena, wanasimama tena. Mara ya mwisho anatoa waya mpya wa shaba mfukoni na kuusokota kwa vidole vilivyojaa makovu, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto.

"Twende," anasema.

Lori linaondoka. Ni vigumu kueleza kilichobadilika kwa mtu ambaye hakuwemo ndani. Mtikisiko umekwisha. Injini inavuta kwa sauti moja, nene, isiyobadilika, kona inaingia na kona inatoka, na tani saba nyuma zinafuata bila ubishi. Gideon ameanza kutabasamu peke yake. Mwandishi anachungulia dirishani kutafuta moshi na kuona ukungu mwembamba tu, kama wa jiko la mkaa lililokolea. Katikati yao mzee amefumba macho, mwanzi mdomoni, na machozi mawili yametoka. Huenda ni upepo.

Matamba ni baridi, mawingu yamekaa usawa wa mabati. Lori linaposimama sokoni, madereva wa viazi wameshajipanga pembeni ya barabara. Wametoka chini alfajiri, na walikuwa wakilitazama likipanda. Anayetangulia kuja ni Didas, yule wa honi. Mkononi ana mahindi ya kuchoma, yale ya vinyungu, mashamba ya mabondeni yenye unyevu, yanayokomaa wakati huu ambapo kwingine hakuna.

"Tulikuwa tunawatazama toka huku juu," anamwambia mwandishi. "Tulivyoona mmesimama tukasema basi, mzee kwisha. Halafu mkaondoka. Tukatafuta moshi wenu hatuuoni, tukadhani mmezima gari. Kumbe mnakuja."

Kisha anazunguka na kusimama mbele ya Alinanuswe, uso kwa uso, ili mdomo wake uonekane. Anazungumza polepole.

"Mzee, shikamoo. Yangu inatoa moshi mweusi kuanzia katikati. Kesho asubuhi nakuletea."

"Marahaba. Na mimi nitapanda na wewe," anajibu mzee. "Ila usinipigie honi."

Watu wanacheka, na Didas anacheka kuliko wote. Alinanuswe anasema mipango yake ni miwili. Baada ya msimu wa viazi ataenda hospitali kubwa, ambako ameambiwa ngoma za masikio zinaweza kuzibwa kwa upasuaji. Anatamani kusikia kwaya tena, besi hasa. Na mwakani, kabla ya mvua, plunja zile sita za Roza zitarudi mezani, naye atapanda tena Hamsini na Saba pamoja nazo. Anaamini zitamzidi umri.

Didas anamnyooshea hindi moja la moto, lenye punje kubwa zilizobabuka vizuri. Mzee analipokea kwa mikono miwili. Analitazama kwa muda, analinusa, anafumba macho kama alivyofanya juu ya pampu. Halafu anampa mwandishi.

"Kula wewe," anasema, akiligusa kwa kidole lile jino la mbele. "Mimi nitafutieni kiazi cha kuchemsha. Kesho nina kazi ya Didas."